Mpaka wa Nyamirhi

Bukavu, Nguba. Jumatatu, 9 Septemba 2002

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana, tukiwa mkutanoni. Mabati ya fakilte yetu chuoni yalipiga kelele hadi Prof Polycarpe akaacha kusema. Tulibaki tunaangaliana, watu watano, mpaka ikapungua. Kisha akaninyoshea kidole akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu mwaka jana: “Basi, Madame Colombe atakuwa sekretere wa kamati. Ni yeye anajua ile pori kutupita.”

Pori ni Nyamirhi: hekta mia moja na arobaini za msitu, juu ya mlima kwenye kisiwa cha Idjwi. Chuo chetu kilipewa na mkulima mmoja Mbelgiji alipokuwa anafunga mizigo yake, mimi nikiwa bado mtoto. Sasa baraza la chuo linataka mpango wa miaka kumi mezani kabla ya Noeli. Bila mpango, watagawa.

Kusema kweli, aliyeijua Nyamirhi ni mume wangu, Ignace. Ndiye aliyechora vipande vinne ndani ya msitu na kupigilia kila mti namba ya bati, akisema mti unataka mtu wa kuupima miaka ishirini bila kuruka. Tarehe 14 Julai 1998 alipanda ndege kwenda Kinshasa kwa wiki tatu. Tarehe 2 Agosti vita ikaanza na nchi ikakatika: yeye upande wa serikali, sisi upande wa waasi. Wiki tatu zimekuwa miaka minne. Chancelle wetu alikuwa bado hajatimiza miaka miwili.

Kazini ninaandika Kifaransa. Hapa naandika Kiswahili, maana hakuna wa kunisahihisha.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Chancelle ameng’oka jino la mbele na amekataa kulitupa.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa niliwasha mbabula, lile jiko la makaa tunayoyaita makala, nipike sombe, majani ya muhogo. Nilipovunja kipande kikubwa cha makala nikakuta msumari ndani yake, na kwenye msumari kibati kilichojikunja. Nilikisugua kwa maji na kidole mpaka namba ikatoka: 3–217. Kipande cha tatu, mti wa mia mbili na kumi na saba.

Mti huo naujua. Ignace aliniegemeza hapo akanipiga picha, mwaka tuliofunga ndoa, akaniambia nisicheke. Nilicheka.

Makala ya Idjwi hufika hapa Nguba kila wiki, na kila wiki ninanunua bila kuuliza. Leo sikuwa na mengine, basi nikaendelea kupika. Linaloniuma kuandika ni hili: chakula kiliiva vizuri.

Ijumaa, 20 Septemba. Idjwi

Boti ilichukua saa tatu. Toka ufukweni nimepanda mlima kwa miguu mpaka kwa Papa Zagabe, mlinzi wa Nyamirhi. Wenzake wawili waliacha kazi vita ilipoanza. Yeye hakuacha, na mimi nilikuwa nimekwisha kupata sababu: nilifikiri anauza.

“Papa Zagabe, miti ya kipande cha tatu inaenda wapi?”

“Inaanguka, Maman Chancelle. Mvua, upepo.”

“Upepo hauchomi makala.”

Nikamwekea kibati mkononi. Alikitazama, akakirudisha.

“Bakimbizi ba Kalehe balikuya hapa mingi, na watoto. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?”

“Ningeandika ripoti.”

“Ripoti,” akasema.

Nilihesabu mpaka jioni. Kila mwaka nimekuwa napima cha kwanza na cha pili tu, nikiingilia upande wa pili wa mlima; cha tatu na cha nne sikuwa nimeviona tangu vita ianze. Kipande cha tatu kilikuwa na miti mia tatu na kumi; imebaki mia moja ishirini na miwili. Cha nne kimeharibika nusu. Cha kwanza na cha pili, ndani kabisa, hakuna hata tawi lililoguswa. Ajabu mwizi anayechagua hivyo. Baadhi ya namba kule ni mpya, zimekatwa kutoka mikebe ya mafuta ya msaada. Sikuuliza nani amezikata. Nilikuwa na hasira, na hasira haiulizi vizuri.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya phonie. Redio ya mawasiliano iko katika chumba kidogo cha parokia, na Papa Philémon anayeishughulikia huita watu kwa zamu; ukimaliza kusema unatamka “À vous”, yaani zamu yako. Nyuma yako kwenye benchi wamekaa watu saba, na wote wanasikia kila unachomwambia mume wako.

“Colombe, munaendelea vizuri? À vous,” akasema Ignace, sauti kama inatoka katika bomba.

“Tunaendelea. Mvua imeanza. À vous.”

“Na Nyamirhi? Kipande cha tatu bado kizima? Ndiyo nusu ya thèse yangu ya doctorat. À vous.”

Watu saba nyuma yangu. Nikasema: “Kizima. À vous.”

Nilitaka Chancelle amsalimie. Alijificha ndani ya pagne yangu ya kitenge na hakutoka. Tukiwa tunateremka njia ya nyumbani ndipo akauliza: “Ule papa wa mu mashine, iko mukubwa namna gani?”

Nilisimama nikanyosha mkono juu ya kichwa changu. Hapa. Halafu nikashusha kidogo, nikapandisha tena. Sikuwa na hakika. Naikumbuka shingo yake akiinama kusoma namba za miti, naukumbuka mkono wake wa kushoto uliokuwa na joto kuliko wa kulia. Sauti yake ya kweli nimeisahau. Ile ya phonie imeifunika.

Jumamosi, 5 Oktoba

Askari wa Rwanda wameondoka. Watu walisimama kando ya barabara bila kupiga kelele. Mama yangu alitoka kwake Cimpunda kwa miguu kuja kuniambia: “Sasa bwana yako atarudia.” Kila mtu mwingine alikuwa anauliza nani atakuja nyuma yao.

Jumanne, 15 Oktoba

Uvira imechukuliwa na wapiganaji wa Mayi-Mayi. Hapa maduka yamefungwa, boti hazitoki. Mvua siku ya sita. Jikoni kwa mama kumeteremka na udongo wa mlima. Yeye mwenyewe alikuwa sokoni, Mungu asifiwe. Amehamia kwetu na kuku wawili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kamati. Monsieur Gaston, mfanyabiashara wa hapa mjini, ameleta pendekezo: chuo kimpangishe hekta tisini za Nyamirhi, ang’oe msitu, apande miti ya kwinini. Hamsini zitabaki kuwa hifadhi. Yeye atatengeneza paa la maabara na kulipa walinzi. Anaongea vizuri, na kusema haki, hasemi uongo: kwinini inahitajika na watu watapata kazi.

Nilisema chemchemi zote za upande ule zinatoka ndani ya hizo hekta tisini. Nilisema vipande vya Ignace viko humo.

Wengine walipotoka, Prof Polycarpe alibaki anafuta miwani. Zamani ndiye aliyetufundisha, mimi na Ignace, kutambua mti kwa harufu ya gome. “Colombe,” akasema, “wewe unalinda msitu ao unalinda bwana yako?”

Nilikusanya karatasi zangu nikatoka kwenye mvua. Mwoga yule, nilijiambia njia nzima. Amenunuliwa. Sasa, nikiwa nimekauka, nakubali kwamba aliuliza vizuri.

Jumanne, 5 Novemba. Idjwi

Nilifika bila kutangaza. Nikakuta wanawake karibu arobaini wanatoka msituni na mizigo ya kuni kichwani, mchana kweupe, na Papa Zagabe amesimama njiani anawahesabu kama mwalimu.

Nilifungua kinywa. Kabla sijasema, mwanamke mmoja akatua mzigo wake mbele yangu. “Angalia yote,” akasema. “Ukipata ubichi, unipige.”

Hapakuwa na ubichi. Matawi makavu, yaliyoanguka.

Anaitwa Maman Agnès. Alikimbia Kalehe miaka miwili iliyopita na watoto watatu. Alikaa juu ya mzigo wake akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Mwaka ule walipofika walikata walichokiona, kwa sababu ya njaa na baridi. Papa Zagabe hakuita askari. Aliwaita wanawake. Walipatana hivi: kila Jumanne wataingia kuchukua kuni kavu, hakuna panga ndani ya msitu wa chemchemi, na anayesikia msumeno, awe shambani, awe anapika, awe ananyonyesha, anapiga kelele na wote wanapanda.

“Tulisha kufukuza ba scieurs, bale ba musumeno, mara tatu,” akasema. “Bado hamukuona ile mu Bukavu?”

Hapana, Maman Agnès. Mu Bukavu tulikuwa tunaunda kamati.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Nimeandika kurasa mbili za mpango na kuchana zote mbili.

Jumatatu, 18 Novemba. Idjwi

Nataka kuandika hili sawasawa, maana najua baadaye nitalitengeneza ili niwe bora.

Nilikuwa katika kipande cha pili na Papa Zagabe tangu asubuhi, tunapima. Kama saa nne tukasikia msumeno wa injini, chini kidogo, upande wa chemchemi. Papa Zagabe akaweka kamba chini, akatia vidole kinywani akapiga mluzi. Kutoka mashambani mluzi ukajibiwa, halafu mwingine, halafu kelele za wanawake. Yeye alikuwa amekwisha kuteremka.

Walikuwa wanaume sita, wawili kati yao wenye bunduki na nguo za jeshi. Jeshi gani, sijui; siku hizi nguo haisemi kitu. Msumeno ulikuwa umeshaingia kiganja kimoja katika mti mkubwa uliosimama juu ya maji. Papa Zagabe akaenda moja kwa moja akajiweka kati ya msumeno na mti.

“Hii ni pori ya université,” akasema.

Mimi nilikuwa na barua yenye mhuri wa chuo mfukoni. Niliitoa nikaipeleka. Mmoja wa wenye bunduki akaisoma, akaisoma vizuri mpaka mwisho, akanirudishia kwa adabu. “Madame, université iko na basoda, iko na askari?”

Kisha akageuka akampiga Papa Zagabe kwa kitako cha bunduki. Nilisikia mfupa wa mkono. Alipoanguka akampiga tena, mbavuni.

Nilifanya nini? Nilirudi nyuma. Nilirudi mpaka nikawa nyuma ya mti, na barua bado mkononi. Namba ya mti ule ni 2–040. Niliitazama mpaka kelele za wanawake zilipokaribia, kwa sababu sikuweza kutazama pengine.

Wanawake wakafika. Wengi walikuwa na majembe, na nilifikiri sasa watauawa. Lakini Maman Agnès akatupa jembe lake majanini. Akatembea, akakaa chini, mgongo kwenye mti ulioanza kukatwa, miguu ameinyosha mbele kama mtu aliye kwake. Mwingine akaja akakaa karibu naye. Halafu wengine, mmoja mmoja, mpaka mti ukazungukwa. Mvua ilikuwa inaanza na hakuna aliyejifunika.

Mwenye msumeno alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mikono yake imejaa unga wa mbao. Aliwatazama. Askari akamwambia akate. Akawatazama tena, akazima injini.

“Mi nilikuya kukata miti,” akasema. “Sikukuya kukata bamama.”

Askari akamtukana kwa Kilingala. Yeye akabeba msumeno begani na kuanza kuteremka, na wale watatu wa kubeba mbao wakamfuata. Wenye bunduki walibaki kidogo, wawili mbele ya wanawake arobaini waliokaa. Mmoja akapiga risasi juu. Majani yakaanguka. Kisha nao wakaondoka.

Ndipo nilipotoka nyuma ya mti. Maman Agnès aliniona nikitoka. Alisema tu: “Kuya, mushike kichwa yake, tumubebe.”

Tulimbeba mpaka ufukweni. Boti ilikubali kutoka na mvua ile.

Alhamisi, 21 Novemba. Bukavu

Mkono wa Papa Zagabe umevunjika mahali pawili, mbavu tatu. Ataishi. Nimempelekea uji na ndizi hospitalini. Nilimwomba radhi kwa yote, ya Septemba na ya Jumatatu. Alisikiliza macho juu ya dari.

“Kipande cha tatu nilikitoa mimi,” akasema. “Ile bantu balipashwa kukata fasi moja, hapa ao pale. Nikawaza: cha kwanza na cha pili viko juu ya maji. Cha tatu iko karibu na njia. Nikasema, mukate hapa, mukichoma makala mutoe hapa. Kila mti wenye namba ulipoanguka, nilimuwaza Papa Ignace. Nikasema, akirudi atanichukia.”

“Na namba mpya za mikebe?”

“Zingine zilioza. Sikutaka akirudi apotee.”

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka nikaweza kurudi ndani.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeandika mpango. Umenichukua siku tano, na zaidi ya nusu yake ni maneno ya Papa Zagabe na Maman Agnès yaliyovaa Kifaransa. Hekta mia moja za ndani haziguswi. Hekta arobaini za pembezoni, watu wa mlima wapande miti ya kuni inayokua upesi, iwe yao, na siku yao ya Jumanne iandikwe na kutiwa mhuri. Walinzi watoke kwao.

Kisha ilibidi nichore mpaka kwenye ramani. Pembezoni ni kipande cha nne chote na cha tatu chote. Miti mia moja ishirini na miwili iliyobaki ya cha tatu itakuwa mikononi mwa watu wa kuni, na haitamaliza miaka mitano. Nilijaribu kuupindisha mstari. Ulipopinda, njia ya wanawake ilikatika. Nikafuta, nikaunyosha.

Mama aliniuliza kwa nini nalia na karatasi. Nikasema vitunguu. Hakukuwa na vitunguu nyumbani.

Ijumaa, 13 Desemba

Baraza. Monsieur Gaston alisema kwanza, vizuri kama kawaida. Halafu mimi. Halafu niliomba Maman Agnès aingie. Baadhi ya maprofesa walinong’ona. Aliingia na viatu mkononi kwa sababu ya matope, akasimama mbele ya meza ndefu.

“Miye sijasoma,” akasema. “Lakini ile pori tulishailinda miaka mbili bila karatasi. Mukitupatia karatasi, tutailinda. Mukiipa mwingine, mutuonyeshe kwanza maji tutakunywa wapi.”

Akasema aksanti, akatoka.

Kura zilikuwa nne kwa nne. Prof Polycarpe ndiye aliyebaki. Alifuta miwani, akaivaa.

“Asubuhi nilitoka nyumbani na nia ya kumpa Gaston,” akasema. “Niko na wasaidizi kumi na tisa na paa linalovuja juu ya mimea mikavu ya herbarium. Litaendelea kuvuja.” Akainua mkono upande wetu.

Kwenye korido alinishika bega. “Utakuwa conservatrice, mutunzaji wa Nyamirhi. Hakuna mushahara, unajua.” Nikamwambia kwamba mwezi wa kumi nilimfikiria vibaya. “Ulifikiri sawa,” akajibu. “Leo ndiyo nimebadilika.”

Jumanne, 17 Desemba

Radio imesema wametia sahihi ya amani kule Pretoria, serikali na waasi wote. Nchi itakuwa moja tena. Mama amecheza uani, kwenye mvua, kuku wanamkimbia.

Alhamisi, 19 Desemba

Phonie. Nimevaa nguo yangu ya Pasaka, kama kwamba angeniona.

“Colombe! Mulisikia? Njia itafunguka! À vous.”

“Tulisikia. À vous.”

“Sikiliza. Wamenipa kazi hapa. Nimepata nyumba mu mtaa wa Lemba, vyumba viwili. Wewe na mutoto mukuye. À vous.”

Benchi nzima ilinifurahia. Papa Philémon alinitazama akitabasamu.

Nikamwambia. Kwamba Septemba nilimdanganya. Kwamba kipande cha tatu kimekwisha zaidi ya nusu, na kilichobaki nimekitoa mwenyewe, kwa kalamu. Kwamba Papa Zagabe amevunjwa mkono. Kwamba nimepewa kuiongoza Nyamirhi. À vous.

Mvumo tu. Papa Philémon alianza kugusa vifungo, halafu sauti ikarudi.

“Ile ilikuwa thèse yangu, Colombe. À vous.”

“Najua. À vous.”

“Miaka kumi ya kazi. À vous.”

“Najua, Ignace. Cha kwanza na cha pili viko vizima, nilivipima kila mwaka, sikuruka. Kuya uvione. Kwenu ni huku. Kuya. À vous.”

“Nitaangalia,” akasema. “À vous.”

Nitaangalia. Ndivyo tunavyomwambia muuza parachichi ambaye hatutanunua kwake.

Ndipo Chancelle akapanda kwenye kiti bila kuambiwa, akashika kile chombo kwa mikono miwili.

“Papa, niko mu première, darasa ya kwanza. Nilisha kujua kuandika jina yako. À vous.”

Alicheka, au alilia. Katika phonie sauti hizo mbili hazitofautiani.

Jumamosi, 28 Desemba. Idjwi

Tumepanda miche mia sita pembezoni tangu asubuhi. Udongo ni laini, mvua imetusaidia. Papa Zagabe amekaa juu ya jiwe, mkono kwenye kamba shingoni, anatugombeza kwamba mashimo hayana kina. Chancelle analala kwa Maman Agnès na watoto wake, wamekwisha kugombana na kupatana mara mbili.

Wakati wa kupumzika Maman Agnès aliniuliza kama bwana yangu atakuja.

“Alisema ataangalia.”

Akafikiri. “Wangu alienda kutafuta mbuzi yetu. Hakusema hata ile.”

Baadaye nilimwomba anisaidie kipande cha kwanza, ambacho hakijapimwa mwaka huu. Alishika ncha moja ya kamba, mimi nyingine, tukaizungusha kwenye mti wa kwanza. Umeongezeka vidole viwili tangu Ignace aondoke.

Juu ya kila ukurasa wa daftari la vipimo kuna mahali pa jina la mpimaji. Miaka minne nimekuwa naandika la Ignace, ili akirudi akute hakuondoka. Leo nilikaa na kalamu muda, mvua ikidondoka toka kwenye majani hadi kwenye karatasi, nikimtamani. Kisha nikaandika langu.

“Soma mti unaofuata,” nikamwambia Maman Agnès.

“Sijui kusoma.”

“Namba tu. Nitakuonyesha.”